Matandiko ya pogona: dalili unayoiona, chanzo chake na la kufanya

Asubuhi moja ya Januari binti yangu aliingia jikoni ameshika daftari lake. "Baba, Sharubu hajapata choo tangu Jumapili." Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Sharubu ni pogona, yule mjusi mwenye ndevu wa Australia ambaye hapa Marekani hukosi kumkuta kwenye maduka ya wanyama wa kufuga. Wakati huo alikuwa na miezi minne. Ndani ya tangi lake la kioo tulikuwa tumemtandikia mchanga wa kalsiamu wa rangi ya bluu, kwa kuwa mfuko wake uliandikwa kwamba hata akiumeza hauna neno, utayeyuka tumboni na kumwongezea madini. Jioni ile daktari wa wanyama alituonyesha picha ya eksirei: donge jeupe kama chaki limekaa katikati ya tumbo.

Niliukasirikia sana ule mchanga, na ulistahili. Lakini kabla hatujaondoka daktari aliniuliza swali lililoninyamazisha: jiwe analootea joto lina nyuzi ngapi? Nilimjibu 38, maana ndivyo kilivyosema kipimajoto tulichobandika kwenye kioo. Kesho yake nikapima jiwe lenyewe. Nyuzi 31. Mjusi alikuwa anameza mchanga na wakati huohuo tumbo lake halina joto la kusukuma kitu chochote. Mchanga ulimziba, na baridi ndiyo iliyouacha ukae.

Tangu siku hiyo, mtu akinipigia kuniuliza "nimtandikie nini mjusi wangu?" sianzi na matandiko. Namuuliza ameona nini. Ndiyo maana nimeupanga mwongozo huu kwa dalili.

Kabla ya kugusa matandiko, pima

Mwili wa pogona hauzalishi joto lake wenyewe. Akila asubuhi halafu akakosa mahali pa kuota, chakula hukaa tumboni bila kumeng'enywa. Kwa hiyo dalili yoyote utakayoiona, chukua kwanza vipimo hivi.

Uso wa mahali anapootea, yaani jiwe au gogo lililo chini ya taa, uwe na nyuzi joto kati ya 38 na 42 za Selsiasi (takriban 100 hadi 108 kwa Farenhaiti). Upande wa pili wa tangi uwe baridi, nyuzi 24 hadi 28, ili akichoka kuota apate pa kukimbilia. Usiku si vibaya kushuka hadi 18. Pima kwa kile kipimajoto cha bastola kinachouzwa maduka ya vifaa vya ujenzi. Kile cha paji la uso tulichopimwa nacho wakati wa korona hakifai, kwa sababu kimetengenezwa kusoma joto la mwili wa binadamu. Cha kubandika kwenye kioo nacho kinasoma kioo, na mjusi haoti kwenye kioo.

Kisha angalia taa ya UVB, yaani ile inayotoa miale ya urujuanimno kama ya jua. Iwe ile ndefu ya mrija, ifike angalau nusu ya urefu wa tangi, isizibwe na kioo wala plastiki, na ibadilishwe kila baada ya miezi 12 hivi hata kama bado inawaka vizuri. Mwanga tunaouona hubaki, miale yenyewe ndiyo inayopungua. Bila UVB mjusi hatengenezi vitamini D3, na bila D3 kalsiamu unayomnyunyizia kwenye chakula haimfai kitu.

Unyevu wa hewa uwe kama asilimia 30 hadi 40. Andika vipimo vyote, uende navyo kwa daktari ikibidi.

Hajapata choo

Jua kwanza kawaida ya mjusi wako. Mdogo anayekula wadudu kila siku hupata choo karibu kila siku. Mkubwa anaweza kupata kila siku, au mara moja kwa wiki, na akawa mzima kabisa. Daftari la binti yangu ndilo lililotuokoa. Bila lile daftari mimi ningesema "juzi tu nimeona kinyesi", na kumbe si juzi.

Akiwa mchangamfu, anakula, na tumbo ni laini, huna haja ya kupaniki. Rekebisha joto. Angalia ukubwa wa wadudu: mdudu asizidi nafasi iliyo kati ya macho mawili ya mjusi, hasa akiwa mchanga. Nyenje au funza mkubwa mwenye gamba gumu anaweza kumziba mjusi mdogo hata akiwa amelala juu ya karatasi tupu. Kisha muogeshe kwenye maji ya vuguvugu, nyuzi 32 hadi 35, kina kisizidi mabega yake, kwa dakika 15 hadi 20. Kaa naye muda wote, usimwache hata kidogo, kwa sababu pogona akichoka huzama. Papasa tumbo kwa upole kutoka kifuani kuelekea mkiani. Wengi hupata choo humohumo majini.

Ukiona sehemu nyeupe ya kinyesi, ambayo kwa mjusi ndiyo mkojo, imekuwa ya njano au ya rangi ya chungwa na ngumu, ana kiu. Mdondoshee maji kwenye ncha ya pua ayalambe mwenyewe. Usimfungue mdomo kwa nguvu umimine, na usimpe mafuta ya aina yoyote kwa nguvu. Yakiingia kwenye mapafu utakuwa umeongeza ugonjwa mwingine.

Sasa zile dalili za kwenda kwa daktari siku hiyohiyo: tumbo limevimba na ni gumu, anajikamua bila kutoa kitu, anatapika, anaburuta miguu ya nyuma, ndevu zimekuwa nyeusi na amelala tu hataki kuamka. Mjusi mchanga aliyekaa siku tatu au nne bila choo na ameacha kula, usimngojee. Na ukiona nyama nyekundu imetokeza kwenye tundu la haja, ifunike kwa kitambaa safi kilicholowa maji safi, usijaribu kuirudisha, nenda.

Akiwa juu ya matandiko yanayomezeka, mwambie daktari ni matandiko gani, ikiwezekana mpelekee kidogo kwenye mfuko. Ya kalsiamu na ya mchanga huonekana kwenye eksirei. Maganda ya mbao hayaonekani vizuri, kwa hiyo picha safi haimaanishi tumbo safi. Na mwombe apime kinyesi. Minyoo na koksidia, ndugu wa ile inayoharisha kuku damu, hudhoofisha utumbo wa mjusi kwa muda mrefu kabla hujaona chochote, na utumbo dhaifu huzibwa na kitu ambacho mzima angekitoa.

Kuna hali moja inayofanana na hii na si ugonjwa. Pogona aliyevuka mwaka mmoja, msimu wa baridi unapokaribia, anaweza kuingia kwenye usingizi mrefu: anajificha, hali, hapati choo kwa wiki kadhaa. Tofauti ni uzito. Mpime kwa mizani ya jikoni mara moja kwa wiki. Anayelala usingizi wa msimu hupoteza uzito kidogo sana na tumbo lake halivimbi. Anayeumwa hukonda, macho huingia ndani na mifupa ya nyonga huanza kuonekana. Kwa mjusi wa chini ya mwaka mmoja usiuite usingizi, tafuta chanzo kingine.

Analamba na kumeza matandiko

Kulamba peke yake si kosa. Pogona huijua dunia kwa ulimi, na ukimwekea kitu kipya ataanza kwa kukilamba. Kosa ni anapokaa mahali pamoja akimeza kwa makusudi, siku baada ya siku. Kina mama wajawazito wanaotafuna pemba mnawajua: mwili unatafuta kitu ambacho chakula hakijaupa. Kwa mjusi anayemeza mchanga, mara nyingi kinachotafutwa ni kalsiamu. Rudi kwenye taa ya UVB, kisha kwenye unga wa kalsiamu. Mdogo anyunyiziwe karibu kila mlo wa wadudu, mkubwa mara chache kwa wiki.

Sababu nyingine ni ya kawaida mno. Nyenje anatua kwenye mchanga, mjusi anamrukia, na kila akimkamata anakamata na kijiko cha mchanga. Hapo tiba ni bakuli la kulia lenye kingo laini za kupanda, au kumtoa nje ya tangi wakati wa kula. Nyenje waliobaki uwatoe jioni, maana hujichimbia kwenye matandiko na usiku humtafuna mjusi akiwa amelala.

Lakini yapo matandiko ambayo hata mjusi awe na taa nzuri na kalsiamu tele, mimi siyaweki.

La kwanza ni ule mchanga wa kalsiamu. Baada ya Sharubu kupona nilichukua kijiko kimoja cha uliobaki mfukoni nikautia kwenye kikombe cha chai chenye maji kidogo, nikauacha hadi asubuhi. Nilipokipindua kikombe mchanga haukumwagika. Ulikuwa umeshikamana kama lipu, nikautoa kwa ncha ya kisu. Binti yangu alisimama pembeni hakusema neno, akaenda kuutupa mfuko mwenyewe. Tatizo jingine ni kwamba ule mchanga ni kalsiamu kabonati, na kwa ladha hiyo unamwalika mjusi aulambe. Mchanga wa kawaida haumwaliki.

Maganda ya jozi yaliyosagwa yana kingo zenye ncha, yanakata utumbo. Magunzi ya mahindi yaliyokatwakatwa huvimba yakilowa. Vipande vya magome ya miti ni vikubwa kiasi cha kuziba na havimeng'enyeki. Mchanga wa choo cha paka umetengenezwa ushikane ukilowa, na tumboni kumelowa. Na maranda: najua mkono wa mtu aliyefuga kuku unayakimbilia, mimi pia niliyafikiria. Maranda ya msonobari, na zaidi ya mwerezi, yana mafuta yenye harufu kali yanayochoma njia ya hewa ya mjusi aliyefungiwa kwenye kisanduku cha joto. Banda la kuku lina upepo, tangi halina.

Anaburuta miguu ya nyuma, au anatetemeka

Watu wengi hapa wanasema moja kwa moja "amezibwa na mchanga". Inawezekana, kama kuna dalili za tumbo nilizotaja. Lakini ukiona vidole vinatetemeka, taya limekuwa laini au limepinda, mikono na miguu imejikunja kama ya mtoto mwenye matege, basi ni mifupa. Ni matege kweli, kwa chanzo kilekile: upungufu wa kalsiamu na D3. Kubadilisha matandiko hakutamsaidia. Mpeleke kwa daktari, badilisha taa, na mpaka atakapopona mlaze kwenye tangi lisilo na pa kupanda, kwa sababu mifupa hiyo huvunjika kwa kuanguka kidogo tu.

Kuna jambo la tatu ambalo hutisha bure. Kigae kinachong'aa kinateleza. Mjusi mdogo akikimbia juu yake miguu hutanuka pembeni kama mtu aliyevaa soksi kwenye sakafu iliyopigwa deki. Mweke juu ya taulo kavu. Akitembea sawasawa hapo, ugonjwa uko kwenye kigae.

Jicho limefumba

Hesabu macho. Jicho moja limefumba, linatoa machozi, analisugua kwenye gogo: punje au vumbi limeingia. Lioshe kwa maji ya chumvi ya kuoshea macho yanayouzwa duka la dawa, bila dawa nyingine ndani. Lisipofunguka kesho yake, daktari. Vumbi jingi hutoka kwenye mchanga laini mno na kwenye vumbi la makumbi ya nazi lililokauka. Makumbi ni kitu kizuri kwa wanyama wa mahali pa unyevu. Kwa pogona yakilowa yanaleta unyevu kupita kiasi, yakikauka yanapepea.

Macho yote mawili yamefumba akiwa chini ya taa, na yanafunguka akitoka pale: inua taa ya UVB, iko karibu mno, au ni moja ya zile fupi zilizojiviringa. Macho yametokeza nje kwa muda kisha yakarudi, karibu na wakati wa kujivua gamba: ni kawaida yake.

Vidole na kucha

Zulia la mijusi ndilo linalouzwa kama chaguo salama kwa mwenye kuogopa mchanga. Sina imani nalo. Nyuzi zake zina vitanzi vidogo, kucha ya pogona imejikunja kama ndoana, na siku moja atavuta mguu kwa nguvu ukucha ubaki zuliani. Baya zaidi ni uzi mmoja unaojizungusha kwenye kidole. Kidole huvimba, kisha kinakuwa cheusi, na ukishakiona cheusi mara nyingi kimekwenda. Chukua kioo cha kukuzia, angalia vidole vyote 20 mara moja kwa wiki, na ncha ya mkia. Gamba kuukuu lililobaki baada ya kujivua hukaza kidole vilevile kama uzi, na hapo matandiko hayahusiki. Loweka kwenye maji ya vuguvugu, sugua polepole kwa mswaki laini, usivute.

Kucha zikikua ndefu na kujikunja, sakafu ni laini mno. Weka kigae kimoja cha jiwe lenye mikwaruzo pale anapopita kila siku, zitajisugua zenyewe.

Madoa na majeraha ya tumbo

Pogona huhisi joto la juu ya mgongo wake vizuri kuliko la chini ya tumbo lake, pengine kwa sababu kwao jua halitoki ardhini. Ndiyo maana atalala juu ya kitu kinachomchoma na asiondoke. Jiwe la umeme, usilinunue. Mkeka wa joto chini ya tangi, usiuweke chini ya udongo au mchanga: joto hukaa chini, kipimo hudanganya, na mjusi akichimba anafika kwenye kioo cha moto. Kigae cheusi chini ya taa kali nacho kinaweza kuvuka nyuzi 50. Alama ya kuungua ni ngozi ya tumbo iliyobadilika kuwa ya kahawia au nyekundu, malengelenge, au unyevu usiokauka. Mhamishie kwenye karatasi safi, usipake mafuta wala dawa ya meno, mpeleke.

Ukoko wa njano au kahawia unaokua, usiotoka akijivua, na ukitoka unaacha kidonda, uchukulie kwa uzito mkubwa. Wafugaji wanauita fangasi ya njano, na vimelea vyake ni vya jamii ya Nannizziopsis. Huambukiza pogona wengine na huingia ndani ya nyama. Mtenge mjusi, tupa matandiko yote pamoja na magogo, osha mikono kabla ya kumgusa mjusi mwingine. Tiba ni ya miezi, na ni ya daktari.

Tangi linanuka, au anapumua kwa sauti

Tangi la pogona lililo safi halina harufu ya kukera. Likinuka, kuna mkojo ulioingia mahali usipofika: chini ya kigae, ndani ya zulia, au kwenye kona ya udongo. Karatasi badilisha kila akichafua. Kwenye udongo chota kinyesi na udongo wa vidole viwili kukizunguka, siku hiyohiyo.

Akipanua mdomo akiwa anaota jua la taa, anajipoza tu. Akipanua mdomo akiwa upande wa baridi, na unasikia mlio kama wa kubonyeza kalamu, au mapovu yanatoka puani, mapafu yameingiliwa. Pima unyevu na joto la usiku, kisha daktari. Hapa Minnesota, jimbo lenye baridi kali, mara nyingi chanzo ni tangi lililowekwa dirishani.

Anachimba hachoki

Mjusi anayeparua kioo cha mbele anaweza kuwa anaona kivuli chake, au tangi ni dogo. Kwa mkubwa, sentimita 120 kwa 60 kwa 60 ndicho kipimo cha kuanzia. Bandika karatasi nje ya kioo uone kama atatulia.

Anayechimba pembeni, saa nzima, akiwa jike wa mwaka mmoja au zaidi, ana jambo jingine. Jike wa pogona hutaga hata kama hajawahi kuona dume maishani mwake. Tumbo hujaa, ukilipapasa kwa upole unahisi vitu kama zabibu, anapunguza kula, kisha anatafuta pa kuchimba. Kama chini kuna kigae au karatasi tu, anachimba kigae. Atachimba mpaka avunje kucha, na mwishowe anaweza kuyazuia mayai ndani. Mayai yakikwama yanaua.

Hapa ndipo sakafu "salama" isiyo na kitu inapogeuka hatari, na kwa jambo hili nawaomba wenye majike wasisubiri. Tafuta beseni refu la plastiki lenye kifuniko, kina cha sentimita 30 au zaidi. Jaza udongo uliochanganywa na mchanga, ulowe kiasi kwamba ukiingiza mkono na kuchimba handaki, paa lake halianguki. Toboa mlango kwenye kifuniko, anzisha handaki kwa mkono wako, mweke ndani, funika kwa kitambaa, ondoka. Hapendi kutazamwa. Akitoka mwembamba, mchafu wa udongo na mwenye njaa, amemaliza. Mayai yanaweza kuwa 15, yanaweza kufika 30. Akichimba siku mbili tatu bila kutaga na nguvu zinamwishia, usiku huo mtafute daktari.

Basi nimtandikie nini?

Mdogo, mgonjwa, au mgeni uliyemleta nyumbani wiki hii: karatasi nyeupe za jikoni, au gazeti. Si nzuri kuangalia. Lakini utaona kila kinyesi, rangi yake na wakati wake, na kipindi hicho hakuna habari muhimu kuliko hiyo. Angalau miezi mitatu kwa mgeni, mpaka kipimo cha minyoo kimetoka safi. Kwa wadogo, mpaka wafikishe kama mwaka.

Mkubwa mzima: vigae vyenye mikwaruzo, au udongo. Vigae ni rahisi, duka la vifaa vya ujenzi litakukatia kwa kipimo. Kama ana beseni lake la kuchimbia, maisha yake ni mazuri.

Mimi nimechagua udongo, na sababu yangu ni kwao. Watu hudhani Australia ya ndani ni mchanga wa matuta kama wa picha za Sahara. Pogona wanaishi sana kwenye ardhi nyekundu iliyokauka na kushikamana, yenye vichaka na magogo, na hupenda kupanda nguzo za ua wajiote. Ukiponda ardhi hiyo mkononi inakuwa vumbi na madonge, haitiririki kama sukari.

Aliyekulia kwenye nyumba ya sakafu ya udongo anajua kazi hii tayari. Chukua udongo wa juu usio na mbolea wala zile chembe nyeupe za kulegeza udongo, asilimia 60 hadi 70. Chukua mchanga uliooshwa wa kuchezea watoto, asilimia 30 hadi 40. Ukipata udongo wa mfinyanzi wa unga, ongeza kidogo ushike zaidi. Chekecha mawe na mizizi. Nyunyiza maji ukichanganya mpaka ukiufumba kwenye ngumi na kuifungua donge libaki, lakini maji yasidondoke. Mwaga kwenye tangi sentimita 10, zaidi kwenye kona moja ya kuchimbia. Shindilia. Mimi nilitumia kipande cha ubao na ngumi, binti yangu akatumia chupa ya maji iliyojaa. Washa taa, acha ukauke bila mjusi kwa siku kadhaa, kwangu zilikuwa sita. Ukipasuka nyufa, nyunyiza, shindilia tena.

Mtihani wa mwisho ni kiganja. Kiburute juu ya sakafu iliyokauka. Kikitoka na vumbi jepesi tu, mjusi anaweza kuingia. Kikitoka kimejaa punje zilizolegea, mchanga umezidi, ongeza udongo urudie. Tengeneza yote haya kabla hujahamisha mjusi, na magogo mazito yasimame kwenye kioo cha chini, si juu ya udongo, asije akachimba chini yake yakamwangukia.

Na mikono, baada ya kugusa mjusi, kinyesi au udongo wake, ioshwe kwa sabuni, kila mara, na kila mtu. Pogona mwenye afya njema hubeba salmonela, bakteria wanaoharisha watu, bila dalili. Kati ya 2012 na 2014 CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, ilifuatilia mlipuko mmoja uliotokana na pogona wa kufugwa: watu 166 katika majimbo 36, zaidi ya nusu wakiwa watoto wa miaka 5 au chini. Beseni la kumwogeshea Sharubu lina alama ya kalamu nyekundu na linakaa chooni. Vyombo vyake havipiti kwenye sinki la jikoni, na mtoto wetu wa miaka mitatu anamtazama kupitia kioo.